Safari Yetu ya Fort Jesus

Sisi wa Kisauni tunaiona Fort Jesus kama jirani. Ukishavuka Daraja la Nyali ukaingia kisiwani, ni mwendo mfupi tu. Hata hivyo nakiri kwamba mpaka kidato cha tatu sikuwa nimeingia ndani. Chama chetu cha Kiswahili kilipotangaza ziara nilijiandikisha haraka, maanake Jumamosi ni siku yangu ya kufua.

Tulielezwa kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyeichora ramani ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Zama zile mafundi wa Italia walipenda kupima majengo kwa umbo la mwanadamu, na kweli, ukiitazama ramani unaona kichwa, mikono na miguu. Wenzangu walikimbilia mizinga. Mimi nilinasa kwenye kipande cha ukuta.

Ukuta huo ulichorwa na askari wa Kireno kwa mkaa na rangi nyekundu: merikebu, samaki, watu, makanisa. Si kazi ya fundi, mistari mingine imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Lakini hebu fikiri: mtu yuko zamu, kwao mbali, hajui kama atarudi, anaokota mkaa na kuchora kanisa! Waomani nao walioiteka ngome mwaka 1698 wameacha yao. Nikajiuliza, je, sisi Wagiriama?

Nikamwuliza mwongozaji. Akanieleza habari za vigango, zile nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee wa Gohu waliofariki. Vingi vimeibwa, vikauzwa kwa watalii na kuishia katika majumba ya makumbusho Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya. Mwili ulinisisimka.

Jioni nilimkuta hawe, yaani nyanya yangu, akipepeta mchele uani.

"Hawe, babu alikuwa na kigango?"

Ungo ukasimama.

"Kilikuwako, kule Kaloleni. Tuliamka asubuhi tukakuta shimo."

"Nani alikichukua?"

"Kijana wa mumo humo mjini petu. Alikuwa na shida ya pesa."

Kumbe miaka yote alimjua! Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akanyamaza hata nikadhani nimemkosea.

"Ungekiona ungesema ni kizuri," akasema mwishowe. "Kile si cha kusifiwa uzuri. Yule ni babu yako."

Basi nikamsimulia habari za wale askari na mkaa wao. Nilitarajia acheke, kwani Wareno hawana sifa njema pwani hii. Badala yake akauliza kama watu wa kwao walipata kujua walikozikwa. Sikuwa na jibu.

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema Desemba twende sote Kaloleni, anioneshe mahali kilipokuwa. Nimeshaanza kuweka akiba ya nauli, yangu na yake.