Gari la Mjomba

Gari bovu halina mwenyewe. Hilo nililiona kwa macho miaka mingi kabla sijalitafakari. Land Rover la mjomba wangu lilikaa chini ya mwembe kule Newala tangu zile mvua za El Nino za mwaka 1998, na kwa muda wote huo sikumsikia mtu yeyote akiliita mali yake. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Mbuzi walifungwa kwenye bampa. Watoto waliokuwa wakichezea usukani walikua, wakaoa, na watoto wao wakaja kuchezea usukani uleule. Mjomba alipofariki mwaka 2011, ndugu walikaa wakagawana mikorosho, nyumba, cherehani na baiskeli. Gari halikutajwa kabisa.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha Historia na Kiswahili kwa miaka thelathini na tatu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kushika spana kubwa kuliko ile ya baiskeli. Nilistaafu mwaka 2016. Mwezi Januari wa mwaka huohuo nilisikia redioni kwamba kiwanda cha Solihull, Uingereza, kimetoa Defender yake ya mwisho, na kwamba ukoo ule wa magari ulioanza mwaka 1948 umefikia kikomo. Sijui kwa nini habari ile ilinigusa, maana sikuwahi kumiliki gari. Lakini nilipopata mafao yangu nilipanda basi kwenda Newala, nikamwomba mkaza mjomba ruhusa ya kulichukua lile la chini ya mwembe.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Kitu chenyewe kimekufa. Ila usije ukaniletea deni."

Binamu yangu wa Dar es Salaam, kitindamimba wa mjomba, alicheka kwenye simu. Yeye alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa chuma chakavu, akawa anangoja tu bei ya kilo ipande. "Kaka, lile bati la nini?" aliniuliza. Nilimwambia nataka kitu cha kunishughulisha. Akasema sawa, afadhali hicho kuliko bao.

Basi nikakodi lori, tukalipakia kwa kulisukuma na kulivuta, tukateremka nalo hadi Masasi, safari ya kilometa sabini hivi. Nililiweka uani kwangu, chini ya mkorosho, mahali ambapo jioni vile vilima vya mawe vya Masasi hukinga jua mapema.

Ni gari la namna ambayo watu wa rika langu wanaijua vizuri, lile la Series IIA, injini ya petroli ya silinda nne, sentimeta za ujazo 2,286. Taa zake za mbele ziko kwenye mabawa, si katikati karibu na rejeta kama zilivyokuwa kwenye yale ya awali, na kwa alama hiyo pekee mtu anaweza kusema kwamba lilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni kabisa mwa 1970. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza na alumini ilikuwapo. Chesisi ni ya chuma. Karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, hivyo mtu mwenye subira na spana chache anaweza kulivua gari lote kama anavyomenya muhogo. Nilifurahi kulijua hilo, maana subira ninayo.

Mjomba alilinunua mwaka 1977 kwenye mnada wa magari yaliyochakaa, kwa fedha za korosho. Zilikuwa bado fedha za kweli. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa vilivyowaweka watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, hata ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Gari la mjomba liliishi katika mteremko huo wote. Baada ya vita ya Kagera hapakuwa na fedha za kigeni, na pasipo fedha za kigeni hapakuwa na spea. Mafuta nayo yaligawiwa kwa kipimo, na Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani. Wenye magari wengi waliyapandisha juu ya mawe. Mjomba hakulipandisha lake, kwa sababu uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha maji huzama mchangani, na ingawa mradi wa kupandisha maji kutoka mabondeni ulianza tangu miaka ya 1950, bomba lilikuwa na siku zake. Gari lile lilibeba mapipa ya maji. Lilibeba na magunia, wagonjwa, maiti na maharusi, lakini hasa lilibeba maji.

Eneo letu limezika mitambo mingi. Pale Nachingwea Waingereza walileta matrekta ya mradi wa karanga mwaka 1947, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mapema miaka ya 1960. Nikiwa mwalimu wa Historia nilifundisha habari hizo kila mwaka, nikieleza ukame, udongo mgumu na pupa ya wakubwa. Lakini mwanafunzi hakuwahi kuniuliza mtambo unakufaje hasa, nami sikuwahi kujiuliza. Sasa najua kwamba haufi wote. Kinakufa kitu kimoja kidogo, mpira wa breki kwa mfano, na vingine vyote vizima vinakaa kukingoja mpaka navyo vinaota kutu.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mwenye gereji nyuma ya soko, ambaye zamani nilimfundisha darasa la sita. Nilidhani atalitengeneza nami nitatazama. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga chesisi kwa nyundo ndogo akisikiliza, akasema, "Mwalimu, mimi nitaelekeza. Spana utashika mwenyewe. Nikilishika mimi, litakula pensheni yako yote." Akaja kila Jumamosi jioni kwa miaka miwili, akakubali chai na nauli.

Kazi ya kwanza ilikuwa injini iliyoshikana. Tulitoa plagi, tukamimina katika kila silinda mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili, tukaacha siku kumi. Land Rover la zamani lina tundu kwenye bampa la kuingizia hendeli ya kuwashia kwa mkono. Kila asubuhi baada ya kunywa uji nilikwenda kuijaribu hendeli ile, ikawa kama kusukuma mlima wa Mkomaindo. Siku ya kumi na moja ikasogea upana wa kidole. Nilimwita mke wangu aje kuona. Alitazama, akaniuliza kama ndiyo limepona.

Kitabu cha matengenezo nilikipata Dar es Salaam, kwa Kiingereza, na fundi wangu hakuwa na haja nacho. Mimi nilisoma, yeye akasikiliza injini. Kitabu kilisema nafasi ya pointi za cheche iwe kati ya inchi 0.014 na 0.016. Yeye alikata kipande cha pakiti ya sigara, akakipenyeza, akakaza skrubu. Nilipopima kwa kipimo changu kipya cha chuma, nilikuta ni 0.015.

Lakini kilichonishika zaidi ni yale niliyoyakuta ndani. Nilipofungua kifuniko cha termostati nilikuta gasketi iliyokatwa kwenye jalada la daftari la shule, lile lenye majedwali ya kuzidisha nyuma. Saba mara nane ilikuwa bado inasomeka. Kwenye springi za nyuma palikuwa na jani moja lisilofanana na mengine, la lori. Mabenchi ya nyuma yalikuwa ya mninga, yamechongwa kwa tezo. Na kwenye mkono wa gia, badala ya ile tufe nyeusi ya kiwandani, kulikuwa na kichwa cha mpingo chenye mistari ya chale usoni, kazi ya mchongaji wa kwetu, kimelainika kwa kiganja cha mjomba hata pua yake imetoweka.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na kitabu. Kitabu kinataka gari lirudi kama lilivyotoka Solihull. Wapo watu katika nchi nyingine wanaofanya hivyo hasa, hadi rangi ya bolti, nami siwacheki. Lakini Solihull lilikaa siku chache tu. Kwa mjomba lilikaa miaka ishirini na moja barabarani. Ningelirudisha kwa nani? Fundi wangu hakuwa na falsafa hiyo. Alisema gasketi ya karatasi itoke, jani la lori litoke maana linapinda ekseli, na mabomba yote ya breki yatoke hata yale yanayoonekana mazima. Mabenchi hayaui mtu, yabaki. Kichwa cha mpingo alikizungusha mkononi muda mrefu, kisha akakirudisha mahali pake bila kusema neno. Gasketi ile nimeihifadhi ndani ya kitabu cha matengenezo, kwenye ukurasa wa termostati.

Habari za kutu sitamchosha nazo msomaji. Itoshe kusema kwamba alumini haioti kutu, ila inapogusana na chuma penye unyevu hugeuka unga mweupe, na kwamba mikono minne ya chesisi ilibidi ikatwe na kuchomelewa mipya. Spea zilitoka Gerezani, Dar es Salaam. Wakati wa mjomba kifurushi cha namna hiyo kingengoja kivuko cha Rufiji, na masika pengine kingengoja hadi kiangazi. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, nilitumiwa masta silinda kwa basi, nikaipokea kesho yake.

Liliwaka mwezi Agosti 2018, saa kumi na moja jioni, kwa hendeli. Lilitoa moshi wa buluu, likatetemeka, likatulia. Majirani walikuja. Mtu mmoja alipiga picha, na picha zina miguu.

Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimepigiwa simu na binamu yangu wa Dar es Salaam. Hakuliita tena bati. "Kaka," alisema, "gari la baba linaendeleaje?" Siku mbili baadaye alipiga dada yake wa Mtwara kuniuliza kadi ya gari iko wapi. Kisha kaka yangu mkubwa wa tumbo moja akaja mwenyewe kunionya nisilegee. Kwa mila yetu Wamakonde, kama ilivyokuwa kwa Wayao na Wamwera jirani zetu, ukoo ulifuatwa kwa mama, na mali ya mjomba ilikuwa ya mpwa. "Ni lako mara mbili," kaka alisema, "kwa damu na kwa jasho." Binamu zangu nao walikuwa na sheria, na sheria iko wazi: watoto na mjane ndio warithi, na Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi wa mirathi bila kuuliza habari za wapwa. Mimi nilikuwa na daftari la stakabadhi. Binamu aliniahidi kurudisha gharama zote hadi senti ya mwisho. Alisema kwa wema, lakini usiku ule nilikaa uani nikitazama orodha ile ya plagi, rejeta na mipira ya breki, nikaona kwamba nikilipwa nitakuwa fundi aliyemaliza kazi.

Mkaza mjomba akatuita wote Newala. Nililiendesha mwenyewe. Nilipoanza kupanda kingo za uwanda niliingiza gia ya kwanza na sikuitoa kwa muda mrefu, kichwa cha mpingo kikinitetemekea kiganjani, na katikati ya kilima rejeta ikaanza kuchemka. Nilikuwa na madumu mawili ya maji. Hakuna dereva wa zamani apandaye Newala bila maji, kwa ajili ya gari na kwa ajili ya wenyeji wake.

Mama yule ana miaka themanini na zaidi. Hakuja barazani tulipokaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akapanda kwa kusaidiwa, akaketi kwenye benchi la mninga upande wa kushoto, akalipapasa. Ndipo akamwita kitindamimba wake.

"Ulizaliwa hapa," alimwambia. "Tulikuwa tunakwenda hospitali, tairi likapasuka. Baba yako alikuwa anaziba mpira, hakujua mpaka ulipolia."

Binamu yangu alikuwa hajawahi kuambiwa. Alisimama na funguo za gari lake la kisasa mkononi, akaliangalia lile benchi.

Kikao kilikuwa kifupi kuliko tulivyotegemea. Mama alisema kadi iandikwe jina lake yeye, na wanawe washughulikie mahakama. Gari likae Masasi, maana Newala hakuna wa kuliwasha. Daftari langu alilifunga bila kulisoma. Kaka yangu alitaka kusema jambo la mila, mama akamwambia atalisema akishakufa yeye, hapo watagombana wapendavyo. Kwa siku ile alitaka apelekwe Shimo la Mungu, akakae pale ukingoni aone bonde la Ruvuma na ng'ambo ya Msumbiji, kama mjomba alivyokuwa akimpeleka siku za Idi.

Betri ilikuwa imechoka kwa safari. Binamu yangu alivua koti, akaniomba nimwonyeshe hendeli. Nikamwonyesha jinsi ya kuishika, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vile vingine vinne, ili injini ikirudi nyuma kwa ghafla isimvunje.