Beijing: siku nne za kwanza pamoja na "papa wa mu telefone"



Kati yetu wamama wa chama, wengi tuna mume, mtoto ao ndugu aliyekwenda mbali kutafuta masomo ao kazi. Papa ya watoto wangu yuko Beijing, mji mkuu wa China, tangu miaka miwili na nusu. Anasoma doktora juu ya mawe na udongo. Katika likizo kubwa ya mwaka huu, zamu yangu ya likelemba ilipofika, niliongeza makuta tuliyokuwa tumeweka pembeni, nikanunua tikiti, na mimi na watoto wawili tukatoka Lubumbashi kwenda kumtembelea. Tangu tumerudi, kila mama ananiuliza: "Mliona nini kule?" Leo ninaandika juu ya siku nne za kwanza tu. Ndizo zilikuwa ngumu zaidi, na ndizo zilitufaa zaidi.

China tunaijua kwa sahani, sapato na telefone za soko, na kwa kamyo za madini zinazopita njia ya Kolwezi. Lakini mimi sikuenda kununua kitu. Nilikuwa na mashaka moja. Binti yetu ana miaka kumi, anamkumbuka baba yake vizuri. Mdogo alikuwa na miezi saba wakati baba yake alipanda ndege. Kila siku ya yenga alimuona ndani ya kioo cha telefone, mtu wa ukubwa wa kiganja. Sasa wangekutana kweli.

Mama yangu mzazi alinishauri mbele ya safari: "Usimsukume mtoto kwa baba yake. Mtembee tu pamoja, kila siku." Ndivyo tulivyofanya.

Siku ya kwanza: kufika

Tulipita Addis Ababa. Kwetu tuliacha baridi ya mwezi wa saba. Beijing tulikuta joto kali na mvua. Masaa yao yanatangulia ya Lubumbashi kwa masaa sita: wakati kwetu ni katikati ya usiku, kule ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Binti alishangaa kusikia kwamba China yote, hata kama ni pana sana, inafuata saa moja, na sisi Congo tuko na mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi.

Kwenye uwanja wa ndege papa ya watoto alikuwa anatungoja na mfuko wa ndizi. Binti alikimbia akamrukia. Mdogo alijificha nyuma ya kikwembe changu, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mama, ni ule papa wa mu telefone?" Baba yake alicheka. Lakini ndani ya taksi alikaa kimya njia yote, akiangalia dirisha.

Siku hiyo hatukutembea sana. Tulikwenda polisi ya mtaa kujiandikisha, maana mgeni anayelala katika nyumba ya mtu anapaswa kujiandikisha mbele ya masaa 24 kuisha. Ukilala hoteli, wao wenyewe wanakuandikisha. Kisha tulikula wali, mboga na mayai, na tukaletewa maji ya moto ya kunywa. Wachina wanakunywa maji ya moto hata katika joto, na watu wengi wanatembea na temosi. Kwa mama mwenye mtoto mdogo ni jambo zuri, maana maji yaliyochemka unayapata karibu kila mahali.

Siku ya pili: nyumba ya wafalme

Asubuhi tulipanda metro, treni inayopita chini ya udongo. Bei inaanza na yuan 3, na kila mfuko unapita kwenye mashini ya ulinzi mbele ya kuingia. Tulishuka karibu na uwanja wa Tiananmen. Wamama wakubwa kati yetu watakumbuka picha za Mobutu na Mao: Mobutu alifika Beijing mwaka 1973 na Mao akampokea. Picha kubwa ya Mao ingali juu ya mlango ule mwekundu, mahali alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 mwezi wa kumi 1949.

Nyuma ya mlango huo ndipo kuna jumba la wafalme, linaloitwa Mji Uliokatazwa, maana zamani mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuingia. Ulijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, na wafalme 24 walikaa pale. Wa mwisho, Puyi, alifukuzwa mwaka 1924, na mwaka uliofuata pakawa nyumba ya makumbusho. Mtu mzima analipa yuan 60, zaidi kidogo ya dola 8. Unapaswa kuandika jina na namba ya paspoti kwa intaneti siku kadhaa mbele. Siku ya kwanza ya juma wanafunga.

Nyua kubwa za mbele hazina mti hata mmoja, na jua lilituchoma. Binti hakujali. Aliuliza wanawake walikaa wapi. Baba yake akamuonyesha nyumba za nyuma, ambako wake wa mfalme waliishi bila ruhusa ya kutoka wanavyotaka. Akamweleza pia juu ya Cixi, aliyeingia pale kama mke mdogo wa mfalme. Mume wake alipokufa mwaka 1861, Cixi akashika mamlaka kwa ajili ya mtoto wake, akikaa nyuma ya pazia wakati wakubwa wanaleta habari, na aliendelea kuwa na nguvu mpaka alipokufa mwaka 1908. "Kwa hiyo pazia lilikuwa linatawala," binti akasema.

Mbele ya majumba kuna mapipa makubwa ya chuma na ya shaba iliyochanganywa na bati. Zamani yalijazwa maji ya kuzimia moto, maana majumba ni ya mbao. Mtu wa Katanga haoni shaba akapita hivi hivi. Papa ya watoto alisimama akaanza kueleza namna shaba inavyotoka ndani ya jiwe. Mdogo alikuja polepole, akagusa pipa, akasikiliza. Baba yake alipomnyoshea mkono, alirudi kwangu mbio. Lakini alikuwa amesikiliza.

Tulitoka kwa mlango wa kaskazini, tukapanda kilima cha Jingshan, yuan 2 tu. Kilima hicho kilifanywa kwa udongo uliochimbwa kwenye mfereji unaozunguka jumba. Kutoka juu unaona mapaa yote ya rangi ya manjano. Familia isiyo na makuta mengi ianze hapo.

Siku ya tatu: mahali pa kuombea mavuno

Hekalu la Mbingu lilimalizika mwaka 1420 pia. Kila mwaka mfalme alikuja hapo kuombea mavuno mazuri. Nyumba ya maombi ni ya mviringo, ina kimo cha metre 38 hivi, na mbao zake zilishikamanishwa bila misumari. Ndani kuna nguzo 28: nne katikati kwa majira ya mwaka, kumi na mbili kwa miezi, na kumi na mbili za nje kwa masaa ya siku, namna Wachina wa zamani walivyoyahesabu. Sisi tunaolima mahindi na kungojea mvua ya mwezi wa kumi na moja, tunaelewa kwa nini mfalme mzima anapiga magoti juu ya mvua.

Lakini watoto walipenda zaidi bustani inayozunguka hekalu. Asubuhi inajaa wazee. Wengine wanacheza karata, wengine wanaimba, wengine wanacheza dansi, na wengine wanarusha kwa mguu kitu kidogo chenye manyoya ya ndege bila kukiacha kianguke. Wanakiita jianzi. Bibi mmoja alimpa mdogo chake. Mtoto akapiga, kikaanguka. Baba yake akapiga, kikaanguka vilevile. Mdogo akacheka sana, akamwambia: "Hujui!" Hilo ndilo neno la kwanza alimwambia baba yake bila kupitia kwangu. Walicheza mpaka jua likawa kali.

Bibi yule aliomba kupiga picha na binti na kugusa nywele zake. Jambo hilo linatokea mara nyingi kule. Tulikubaliana na binti tangu mwanzo: akitaka, ndiyo, asipotaka, anatikisa kichwa na sisi tunamsaidia kukataa. Siku hiyo alikubali picha, akakataa nywele, na bibi hakukasirika. Papa ya watoto anasema Kichina kidogo, tukazungumza. Kule mtoto anamwita mwanamke asiyemjua "shangazi" ao "bibi", sawa na kwetu. Bibi alituambia kwamba alimlea mjukuu wake kijijini kwa miaka mingi, sababu wazazi walikuwa wanafanya kazi mjini na walirudi mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Mamilioni ya watoto wa China wamekua namna hiyo. Nilimuuliza mtoto alifanya nini wazazi waliporudi. Alijibu: "Siku tatu alijificha. Siku ya ine akawaletea kiatu chake wamfunge kamba."

Siku ya ine: Ukuta Mkubwa

Mutianyu iko kilometre 70 hivi kutoka mjini. Tulikwenda na basi, na mikate ya mvuke na mayai ndani ya mfuko, maana kule juu chakula ni bei kali. Ukuta haukujengwa na mfalme mmoja. Tawala nyingi zilijenga, kila moja kwa wakati wake. Mwaka 2012 serikali ya China ilitangaza kipimo cha sehemu zote pamoja: kilometre 21,196. Ni zaidi ya mara kumi ya njia ya ndege kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa.

Kuna gari la kamba la kupandisha watu, lakini sisi tulipanda kwa miguu ili kuchunga makuta. Ngazi ni nyingi na haziko sawa. Tulipopumzika kwenye mnara mmoja wa walinzi, papa ya watoto alitusimulia hadisi ambayo kila Mchina anaijua. Mwanamke mmoja, Meng Jiangnü, mume wake alikamatwa kwa nguvu kwenda kujenga Ukuta. Baridi ilipofika, alimshonea nguo nzito, akatembea kwa miguu mpaka kule. Akaambiwa: mume wako alikufa, mifupa yake iko ndani ya Ukuta. Akalia sana, mpaka sehemu ya Ukuta ikaanguka na mifupa ikaonekana.

Binti akaniangalia. "Na wewe mama, ulikuja kutafuta papa?" Nikamjibu: "Ndiyo. Lakini mimi nimemukuta muzima." Tulicheka, lakini nilifikiri juu ya wamama wetu ambao waume zao wako machimboni ao ng'ambo, na habari hazifiki.

Tulipoanza kushuka, mdogo alikuwa amechoka. Alisimama kati yetu wawili. Nilikuwa tayari kuinama. Yeye akageukia upande wa pili, akainua mikono, akasema: "Papa, nibebe." Baba yake alimbeba mpaka chini, na ndani ya basi mtoto alilala juu ya kifua chake. Kutoka siku hiyo hatukusikia tena "wa mu telefone".

Kwa mama mwenye kufikiri safari kama hii

Anza na karatasi. Sisi tuliomba viza ya S2, ya kutembelea kwa muda mfupi mtu wa familia anayesoma ao kufanya kazi China. Unapaswa kuonyesha kwamba kweli wewe ni mke na hawa ni watoto wake: karatasi ya ndoa ya serikali na karatasi za kuzaliwa. Ndoa ya ukoo na ya kanisa peke yake haitoshi. Sheria yetu inatupa siku 90 kisha kuzaliwa kumuandikisha mtoto kwenye eta-sivili. Usingojee siku ya safari. Beba pia karte ya chanjo ya homa ya manjano.

WhatsApp na Facebook hazifanye kazi kule bila njia ya kuzunguka. Uambie mama mkwe mapema ili asiogope kimya chako. Watu wanalipa karibu kila kitu kwa telefone, lakini makuta ya karatasi bado ni halali. Na juu ya chakula msiogope: wanakula lengalenga, matembele, karanga na pilipili. Bukari tu ndiyo tuliikosa.

Kwa wale ambao tikiti bado iko mbali, shauri la mama yangu linafaa hata hapa nyumbani. Baba akirudi kutoka Kolwezi ao Kinshasa kisha miezi mingi, msimwambie mtoto "enda msalimie baba yako" mara kumi. Mtembee pamoja, mpaka sokoni, mpaka shambani, mpaka kanisani. Mpe siku nne.

Mwenye swali juu ya karatasi anikute siku ya posho, kisha kikao.