TUNDU DOGO LINALOLINDA NDEGE



Ukiendesha baiskeli polepole, upepo hukusukuma kifuani kidogo tu. Ukiteremka mlima kwa kasi, upepo hukusukuma sana. Ndege hupima mwendo wake kwa njia hiyo hiyo.

Angani magurudumu hayagusi chochote. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya ndege huwekwa bomba dogo. Tundu lake huelekea mbele. Bomba la namna hii lilibuniwa na Mfaransa, Henri Pitot, mwaka 1732. Yeye alitaka kupima mwendo wa maji ya mto.

Ndege ikiruka, hewa husukumwa ndani ya bomba. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vingine. Hivyo hupokea hewa ya nje isiyosukumwa na mwendo. Chombo hulinganisha misukumo hiyo miwili. Tofauti ikiwa kubwa, mshale huonyesha kasi kubwa.

Kwa nini rubani ajue kasi yake? Gari likipunguza mwendo hubaki barabarani. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa hayawezi tena kuibeba.

Tarehe 6 Februari 1996, ndege kubwa iliruka usiku kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ilikuwa imekaa uwanjani siku nyingi bila kuruka. Bomba moja lilikuwa limeziba. Wachunguzi waliona kwamba huenda wadudu walijenga ndani yake. Unawajua nyigu wanaojenga kwa udongo. Hata tundu la kufuli huliziba.

Hewa ilinaswa ndani ya bomba. Ndege ilipopanda, hewa ya nje ikawa nyepesi. Tofauti ikakua, na mshale wa rubani mkuu ukaonyesha kasi kubwa mno. Kumbe ndege ilikuwa inapungua mwendo. Chombo cha rubani msaidizi kilisema kweli, lakini vyombo vilipopingana, marubani walichanganyikiwa. Ndege ilianguka baharini. Watu wote 189 walikufa.

Ndege ikilala uwanjani, bomba hilo hufunikwa kwa kifuniko kidogo. Kabla ya kuruka huondolewa. Mimi naiheshimu sana kazi ya fundi huyo, ingawa abiria hawamwoni. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Nawe, ndugu yangu, usiidharau kazi yako kwa kuwa ni ndogo. Huenda maisha ya wengi yanaitegemea.