SEHEMU YA 3: Bodi ya kamera kwa hela ya mwani

Wapendwa, sehemu ya 2 niliishia pale binti wa kaka yangu aliponionyesha kwenye simu bodi aliyoipenda. Mmejaa inbox: "Nesi, kanunua ipi?" Tulieni, leo nalimaliza.

Kwanza mjue hela ilikotoka. Ni milioni 1 na laki 6, mama yake kamkopea kikobani, na mama yake ni mkulima wa mwani hapa hapa Mlingotini. Mnaoujua mwani mnajua: unaufuata bamvua maji yakikupwa, unafunga mbegu kwenye kamba, unavuna, unaanika, halafu gunia zima la mbichi likikauka unalibeba kwa mkono mmoja. Hela ya hivyo huijaribii bahati.

Mtoto alitaka Nikon D750 iliyotumika. Na hakuwa mjinga. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, ile wanayoita fulu fremu, inakusanya mwanga mwingi kuliko sensa ndogo za milimita 24 kwa 16 hivi. Harusi zetu ni usiku, ukumbi wenyewe turubai na taa mbili. Shida ni kwamba bodi tupu, bila lenzi, ingemeza karibu hela yote. Bodi bila lenzi ni sindano bila dawa.

Sisi kazini mgonjwa hatumpi dawa kwa sababu jirani yake alipona nayo. Tunauliza kwanza. Nikamwambia, "Haya mama, utapiga nini, wapi, saa ngapi?" Akasema, "Shangazi, harusi na ngoma ndo za hela. Mchana nataka niwapige kina mama kwenye mwani."

Basi hapo kazi ikawa nyepesi kidogo. Tukaweka mezani tatu: D750, D7200 na D3500. Zote zina megapikseli 24, yaani hiyo namba inayopigiwa kelele madukani haikutusaidia chochote. Megapikseli 24 unasafisha picha ya A3 safi kabisa, na hapa kijijini nani kaomba kubwa kuliko hiyo?

D3500 ni nyepesi na rahisi, kwa picha za familia ningeichukua mimi. Lakini bodi yake haina mota ya kuvuta fokasi, kwa hiyo zile lenzi za zamani za bei nafuu, kama ya milimita 50 yenye f/1.8D, utazungusha fokasi kwa mkono. Bibi harusi anacheza, wewe unazungusha! Halafu ina nafasi ya kadi moja tu, na haijazibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Kwa upepo wa kusi wenye chumvi huu wetu, sikuitaka.

D7200 ina mota, imezibwa (si ya kuzama majini, msinielewe vibaya), na inaingiza kadi mbili, picha ile ile inaandikwa kote kote. Harusi hairudiwi eti kadi imekufa. Sensa yake ni ndogo, kweli, usiku chengachenga zitaonekana mapema kuliko kwenye D750. Ila ukiifungia hiyo lenzi ya f/1.8, unapata mwanga kuliko D750 yenye lenzi ya kuungaunga. Na milimita 50 kwenye sensa hiyo inaona kama 75, nzuri kwa sura za watu, mbaya kwa picha ya ukoo mzima chumbani. Kwa ukoo, toka nje.

Tukaenda Kariakoo na tochi yangu ya kazini. Nikamulika ndani ya lenzi ya kwanza: utando kama buibui. Kuvu! Tukarudisha. Ya pili ilikuwa safi. Bodi tukaipiga picha ya anga kwa f/16 kuona madoa ya sensa, tukamwomba fundi atusomee shata imefyatuliwa mara ngapi. D7200 Nikon waliijaribu shata mpaka 150,000. Yetu ilikuwa 38,000 na kitu.

Bodi, lenzi, betri ya pili na kadi mbili: milioni 1, laki 3 na nusu. Iliyobaki ilirudi kikobani siku hiyo hiyo. Begini nimemtilia vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye kopo za dawa, kopo likiisha msivitupe. Akitoka pwani anaifuta kamera kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, si ya bahari, kisha kikavu. Na lenzi habadilishi mchangani, nimeapa nitamnyang'anya.

Kwa mliouliza: hapana, kamera haiingii zahanati. Mgonjwa wangu si mandhari.

Harusi ya kwanza ni Jumamosi hii, Kiromo. Deni ni la miezi sita. Naingia zamu ya usiku, maswali ntajibu asubuhi, sehemu ya 4 ni lenzi.