"Run": neno la Kiingereza linalowachanganya wakimbizi wa Kongo nchini Uganda

Jamaa nyingi zilizotoka Kivu na Ituri na kuvuka mpaka kuingia Uganda hukutana na Kiingereza kabla hazijapumzika. Nyumbani karatasi za serikali na za shule ni kwa Kifaransa. Kule Nakivale, Kyangwali ama Rwamwanja, ni kwa Kiingereza. Neno moja ambalo watoto hulishika upesi ni "run". Mwalimu anakimbia hatua tatu mbele ya darasa, watoto wanacheka, maana imeeleweka. Kwa mtoto ambaye wazazi wake wamekimbia mara mbili au tatu, halihitaji maelezo mengi.

Shida huja baadaye. Maji yakitoka bombani, Kiingereza kinasema yanakimbia. Injini ikiwaka, inakimbia. Mama mwenye duka la sabuni na chumvi "anakimbia" duka lake, kumbe analiendesha. Basi la kwenda Mbarara linakimbia kila asubuhi, hata siku lililokwama kwenye tope. Na unga ukiisha kabla ya mgao mwingine, nao umekimbia. Katika kamusi kubwa ya Oxford, kitenzi hicho peke yake kimehesabiwa maana 645, na mhariri wake, Peter Gilliver, alikitumikia karibu miezi tisa.

Wenye Kiswahili wasicheke sana, maana nao wana "kupiga": kupiga simu, kupiga picha, kupiga magoti, kupiga kura. Mgeni anayejifunza lugha hii naye hujiuliza kura imekosa nini hata ipigwe.

Redioni neno hilo laweza kuzusha uvumi. Desemba 2023 Félix Tshisekedi aligombea muhula wa pili, na habari za Kiingereza zilitumia "run" hiyohiyo. Mwenye kujua maana moja tu angedhani rais ametoroka. Aliyekimbia kweli ni Mobutu, Mei 1997.

Hayo ni ya kuchekesha. Ya zahanati si ya kuchekesha. Katika Kiingereza cha Uganda, pua "ikikimbia" ni makamasi, lakini tumbo "likikimbia" ni kuhara. Mama akikumbuka neno la kwanza na kusahau la pili, mtoto anayehara anaweza kuonekana ana mafua tu. Watu wa Uvira na kandokando ya ziwa Tanganyika wanajua kipindupindu hakisubiri tafsiri. Afadhali mama aonyeshe tumbo kwa mkono, ataje mtoto amehara mara ngapi na tangu saa ngapi, kwa Kiswahili chake mwenyewe, na aombe mtu wa kumtafsiria.

Pagumu zaidi ni mbele ya afisa anayesikiliza ombi la ukimbizi. Kiswahili kimemwita mtu huyu mkimbizi kwa sababu ya miguu yake. Kifaransa na Kiingereza vimemwita kwa mahali anapotafuta kujificha. Mtu wa Kivu akisema "tulikimbia", jirani yake anasikia yote humo ndani: risasi, usiku, nyumba iliyoachwa wazi, mzee aliyebaki. Kiingereza kikigeuza kuwa "run" peke yake, kinabakiza mbio. Na mbio hazimtoshi afisa. Mkataba wa Geneva wa 1951 unauliza juu ya mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Yote mawili hutaka kujua kilichokuwa nyuma ya miguu hiyo.

Kwa hiyo wakalimani wazoefu hawakimbilii kutafsiri. Wanamgeukia mwenye kusimulia na kumuuliza kwanza: "Mama, mlikimbia nani? Walikuja kutoka wapi, na nani hakuweza kutoka pamoja nanyi?"