Wasifu wa Mpiga Fidla

Marehemu Shaaban Robert alituachia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kitabu hicho nimekisoma mara nyingi. Wasifu wa mpiga fidla sijapata kuusoma, na katika upungufu huo nami nina sehemu yangu ya lawama.

Nilizaliwa Ngara, katika vilima ambako Ruvubu hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na mto ukaitwa Kagera. Mjomba wangu alikuwa na zeze la uzi mmoja. Ndugu zetu wa Burundi huliita indingidi. Jioni bibi aliimba, na mjomba alimfuata kwa upinde. Bibi alipovuta pumzi, zeze liliyashika maneno yake yasianguke, likamngoja. Wageni walimsifu bibi. Mjomba walimwongezea pombe ya ndizi, basi. Nami nilipoingia sekondari nikaanza kumwonea haya: kelele gani hizi za uzi mmoja? Alipofariki, zeze lilibaki darini juu ya moshi. Miaka ilipita kabla sijaliulizia, na siku nilipolishusha, mchwa walikuwa wamenitangulia.

Baadaye kazi ilinipeleka Unguja, mji wenye Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Nikaenda kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarabu, shairi mkononi, kifua mbele. Beti kumi na mbili, mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho havina doa. Nikalighani mbele ya mzee mmoja mpiga fidla. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, na mimi nitaingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba ruhusa ya kukaa nyuma yao, na jioni nyingi nikawa nakaa hapo.

Wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana. Fidla ilianza jua likizama. Mzee alijifunza kwa kuketi kando ya aliyemtangulia, sikio likiwa ndilo daftari. Shingo ya fidla haina vituo kama gitaa. Kidole lazima kijue chenyewe pa kukanyaga. Kwa sababu hiyo inaweza kuzifikia zile robo za sauti za maqamu ya Kiarabu, ambazo kinanda cha vitufe vya kawaida huziruka. Katika okestra za Kiarabu, ambazo taarabu imechota kwao mengi, wapigaji wengi hulegeza nyuzi mbili nyembamba, hivyo badala ya Sol, Re, La, Mi huwa na Sol, Re, Sol, Re.

Fidla zote za safu ile hufuata lahani moja, na pinde hupanda na kushuka pamoja. Sauti ya mmoja ikijitenga, aghalabu kuna aliyekosea. Huo ndio ugumu wa kazi yao: kufanya mazoezi miaka thelathini ili usisikike peke yako. Mwimbaji akimaliza ubeti, fidla hupokea, huurudia kwa namna yake, humpa msikilizaji nafasi ya kuuelewa, ndipo ubeti wa pili uje. Shairi langu lilikuwa limejaa pomoni. Kila nilichosema nilikifafanua, na nilichofafanua nikakikariri. Hapakuwa na pa kuingiza hata ncha ya upinde.

Kiswahili humwita mtu huyu mpiga fidla, ingawa hapigi kitu: anavuta na kusugua. Lakini lugha yetu ina hekima yake. Tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga hatua, na kimya nacho tunakipiga. Mzee yule alikipiga kimya kwa ustadi uleule aliopigia fidla. Ndivyo pia alivyofanya mjomba wangu, nami nikadhani hafanyi lolote.

Tangu taarabu ya kisasa ilipoenea, kinanda cha umeme kimechukua viti vingi vya fidla, kwa kuwa mtu mmoja huigiza safu nzima na malipo ni ya mmoja. Hata hivyo fidla haijazikwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimeendelea kuifundisha, na miongoni mwa walimu wake amekuwamo Mohamed Issa Matona, anayejulikana kwa fidla, udi na uimbaji.

Shairi langu nililipunguza likabaki na beti tano. Nilipolirudisha, mzee alilighani kwa sauti ya chini, akasita mwisho wa ubeti wa pili, akaweka fidla begani. Hakusema neno.

Wapenzi wa lugha, mnapohifadhi shairi lililoimbwa, msiishie kwenye jina la mtunzi na la mwimbaji. Ulizeni nani alikuwa na upinde, alijifunza kwa nani, na mchana alifanya kazi gani. Ulizeni angali hai. Mimi nilichelewa, na maswali kama hayo kuhusu mjomba wangu sasa hayana wa kuyajibu.