Jino la Chiwata: ling'olewe au lizibwe?

Kimya changu kilikuwa cha mitihani, sasa nimeibuka. Leo sina stori za bumu wala foleni ya kapteria. Nina stori ya jino.

Wiki mbili zilizopita mjomba alinipigia kutoka Chiwata. Kwetu Umakondeni mjomba akipiga mwenyewe, tena bila kubip, ujue kuna kikao kimeshakaa. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, jino la mbele limetoboka na akinywa maji ya baridi anaruka. Mama anataka ling'olewe yaishe. Mjomba akaniuliza, "Wewe mwenzetu uliyeko chuo, tumpeleke serikali au private?"

Nikamwambia, shikamoo mjomba, ila hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: huko tunakompeleka wanaziba, au wanang'oa tu?

Maana wengi tuliokulia Masasi na Newala tunajua dawa moja ya jino, nayo ni koleo. Siyo ujinga jamani. Jino linaanza kuuma mwezi wa tano, hela ya korosho inakuja na minada kuanzia mwezi wa kumi. Katikati hapo ni karafuu, maji ya chumvi na Panadol. Ukija kupata nauli, kashimo kamefika kwenye kiini cha jino. Hapo ni kung'oa, au matibabu ya mzizi, ambayo mara nyingi ni mpaka mjini.

Basi nikampangia hivi. Serikalini, zahanati ya kijiji usiitegemee kwa kuziba. Hospitali ya wilaya ndiyo yenye tabibu wa meno, na kwetu iliyo karibu ni Mkomaindo pale Masasi. Bei inabebeka, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Ila hospitali za umma popote nchini, vifaa vya kuzibia vikiisha, linabaki koleo. Pili ni mission, Ndanda kwa Wabenediktini: siyo ya serikali na siyo biashara ya mtu, unachangia. Tatu ni kliniki binafsi za Mtwara mjini au Dar. Foleni fupi, wanaziba, wanatibu mzizi, hata meno ya bandia wanaweka. Lakini jumlisha nauli na pa kulala, maana mara nyingi utarudi zaidi ya mara moja.

Mjomba akafanya la maana: akapiga simu kwanza, akauliza kama wanaziba, bei gani, siku gani. Akauza kuku wawili hakungoja mnada. Jino limezibwa. Binti wa miaka 15 angekaa na pengo mbele maisha yake yote kwa kukosa swali moja.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Miaka ya 1980 katikati, hapa hapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha njia ya kuziba bila umeme wala mashine. Unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, unajaza dawa inayoshikana na jino. Mwaka 1994 WHO ikaitangaza kwenye Siku ya Afya Duniani. Yaani njia iliyobuniwa kwa ajili ya vijiji kama Chiwata imezunguka dunia nzima, halafu sisi wenyewe bado tunakimbilia koleo!

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Nzuri, ila kadi haizibi jino kama tabibu hana dawa ya kuzibia.

Kwa wana chuo wenzangu: wengi wetu tuna kadi ya bima, ambayo kwa miaka mingi tulilipia 50,400 kwa mwaka, na inalala kwenye begi. Kaulizeni inalipia nini kwenye meno kabla hamjafunga chuo. Na mkienda likizo, mkisikia mtu nyumbani anasema "ling'olewe tu", muulizeni kwanza kama ameshauliza kuziba.

Naomba kuwasilisha. Tukutane lekcha ya saa mbili.